Tanuru Hupimwa kwa Pumzi

Daraja la chuma linalovuka Mto Severn katika jimbo la Shropshire, Uingereza, lina uzito wa tani 378. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa kwa wapitaji siku ya Mwaka Mpya wa 1781. Ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu, na mji uliokua kando yake ukachukua jina lake: Ironbridge. Wageni wengi huja kulipiga picha. Mimi nilikuja na swali la hesabu. Chuma chote hicho kilipatikanaje katika bonde la matanuru ya mawe na matofali, matanuru yaliyopulizwa kwa mivukuto iliyoendeshwa na maji ya kijito? Tanuru moja la namna hiyo liliweza kutoa kiasi gani kwa siku, kwa wiki, kwa mwaka?

Nilipanda treni Birmingham nikashuka Telford, mji mpya uliopewa jina la mhandisi Thomas Telford, kisha nikachukua basi linaloteremka hadi bondeni. Njia imefunikwa na miti pande zote mbili. Mchoraji Philip James de Loutherbourg alipolichora bonde hili wakati wa usiku, mwaka 1801, alijaza turubai lake miali ya moto na moshi mwekundu. Picha hiyo huhifadhiwa Science Museum, London, nami niliitazama kwa muda mrefu kabla ya safari. Leo moshi umekwisha, kingo za mto ni kijani kitupu, na mgeni asiyejua historia anaweza kudhani kwamba hapa watu wamekuwa wakilima na kufuga tu.

Kutoka darajani nilipanda kwa miguu hadi Coalbrookdale, bonde dogo la pembeni. Hapo ndipo lilipo tanuru lenyewe, chini ya jengo la vioo lililowekwa kulikinga na mvua. Lilifukuliwa mwaka 1959 baada ya kuzikwa na vifusi kwa miaka mingi, na tangu 1986 bonde lote limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Juu ya upinde wa mbele kuna boriti za chuma zilizoandikwa jina la Abraham Darby na mwaka 1777, tanuru lilipopanuliwa. Darby huyo ni wa tatu, mjukuu. Aliyeanzisha yote ni babu yake, Abraham Darby wa kwanza.

Babu alikuwa Mkweka, mfuasi wa madhehebu ya Marafiki, yale yale ambayo leo yana waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipofunguliwa mwaka 1902. Alijifunza kazi katika karakana za mashine za kusagia kimea, akafanya biashara ya shaba ya njano mjini Bristol, na mwaka 1707 akapata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Tarehe 10 Januari 1709 aliliwasha tanuru la Coalbrookdale, na badala ya mkaa wa miti akatia makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili salfa na moshi vitoke. Watengeneza kimea walikuwa wakitumia makaa ya namna hiyo tangu zamani, na yeye alikuwa amewaona. Makaa ya bonde hili yalikuwa na salfa kidogo, ndiyo maana jambo lililowashinda wengine hapa lilifaulu. Mwaka ule aliuza vyombo vya chuma vyenye uzito wa tani 81.

Tani 81 kwa mwaka mzima! Nilisimama mbele ya upinde wa tanuru nikitafakari takwimu hiyo. Ukichungulia ndani, unaona umbo la kazi yenyewe: koo jembamba juu, ambako mawe na makaa yalimwagwa, tumbo pana katikati, kisha kuta zinabana tena hadi kitako kidogo chini, ambako chuma kilichoyeyuka kilikusanyika. Upinde mmoja ulikuwa wa kukamulia chuma, mwingine wa mivukuto. Mahali ni padogo. Mtu mzima akisimama kwenye tumbo la tanuru na kunyoosha mikono, atakaribia kugusa kuta zote mbili. Lakini udogo wa chombo haujibu swali langu, na hapo ndipo ilipobidi nianze kukokotoa.

Kadirio la kwanza ni la mawe. Bonde hili lilijaliwa kila kitu karibu: makaa ya mawe, mawe ya chokaa, udongo wa matofali na mawe yenye chuma. Mawe hayo ni ya aina ambayo chuma chake kimeshikana na kaboni na oksijeni, na hata yakiwa safi kabisa chuma ni asilimia 48 tu. Yakichimbwa yamechanganyika na udongo, hivyo kwa makadirio ya haraka ni theluthi moja. Kwa hiyo tani 1 ya chuma ilidai kama tani 3 za mawe, ambayo kwanza yalichomwa katika malundo ili kutoa maji na gesi. Mawe bora mekundu ya nchi nyingine, yale yaliyo karibu kuwa kutu tupu, hayawezi kupita asilimia 70. Hakuna mlima wa mawe ulio mlima wa chuma; asilimia ndiyo ya kuuliza kwanza.

Kadirio la pili ni la makaa. Makaa yana kazi mbili ndani ya tanuru. Huleta joto, na pia huzalisha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hupanda kupitia mawe na kuyanyang'anya oksijeni yake hadi kibaki chuma. Kadiri kinavyoshuka, chuma hicho hunywa kaboni, na kaboni hiyo hushusha kiwango chake cha kuyeyuka kutoka nyuzi 1,538 hadi karibu 1,150. Hapo ndipo kinapotiririka. Chokaa nayo huungana na udongo na mchanga wa mawe, vikawa mavi ya chuma yanayoelea juu na kukamuliwa kivyake. Katika matanuru ya karne ya 18, tani moja ya chuma iliweza kula tani 8 za makaa ya mawe kama yalivyochimbwa. Baada ya kuokwa hadharani katika malundo, hizo hubaki nusu hivi. Tuchukue tani 4.

Kadirio la tatu ndilo lililonishangaza, na ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: upepo. Hapa wingi wa makaa yaliyomo tumboni hauamui chochote peke yake. Kinachoamua ni kasi ya makaa kuungua, na kasi hiyo hutegemea hewa inayoingia. Mpishi yeyote wa jiko la mkaa analijua hili. Mkaa ni ule ule, lakini akipepea kwa kipepeo maji huchemka mapema. Ili kilo 1 ya kaboni iungue na kuwa kaboni monoksaidi, inahitaji kilo 5.7 za hewa, yaani kama mita za ujazo 4.4.

Basi tuchukue tanuru la kutoa tani 3 za chuma kwa siku. Linahitaji tani 12 za makaa yaliyookwa, zenye kaboni kama tani 10. Zidisha, utapata mita za ujazo 45,000 za hewa kwa siku, au 31 kwa kila dakika, usiku na mchana. Sehemu ndogo ya kaboni huenda kwingine, nyingine ikiingia ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo hili ni kadirio la juu kidogo. Lakini uzito wa hewa hiyo ni upi? Karibu tani 58. Mawe ni tani 9, makaa ni tani 12, chokaa ni tani chache. Hewa peke yake inazidi vyote hivyo mara mbili. Malighafi nzito kuliko zote katika kazi ya chuma ni ile isiyoonekana, isiyochimbwa na isiyopakiwa kwenye mkokoteni wowote.

Nilipomaliza hesabu hiyo kwenye daftari langu nilipanda juu zaidi hadi kwenye bwawa la tanuru, lililobaki mpaka leo nyuma ya njia ya reli. Sasa maji yake yalikuwa na maana tofauti machoni pangu. Bwawa hilo lilikuwa ghala la upepo. Maji yalitoka humo, yakageuza gurudumu, gurudumu likabana mivukuto, mivukuto ikapuliza. Kila pipa la maji lililoteremka lilikuwa na kiasi chake cha chuma.

Na maji hupungua. Kiangazi kilipokausha kijito, tanuru lililazimika kuzimwa hadi mvua zirudi. Hapo tunafika kadirio la nne, nalo ni la muda. Tanuru la chuma haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Likishawaka hulishwa saa zote, hukamuliwa kila baada ya saa kadhaa, na huendelea hivyo wiki baada ya wiki. Likipoa na chuma kikagandia kitakoni, ni msiba. Kwa hiyo pato la mwaka ni pato la wiki mara idadi ya wiki ambazo tanuru halikukatwa pumzi.

Abraham Darby wa pili alilielewa jambo hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, Coalbrookdale iliweka injini ya mvuke ya kurudisha maji kutoka chini hadi bwawa la juu, ili yale yale yageuze magurudumu tena. Injini haikupuliza tanuru. Ilirefusha mwaka wake tu. Faida ya hilo inaweza kukokotolewa. Mwaka 1755 kampuni yake iliwasha tanuru jipya Horsehay, jirani na hapa, na mwishoni mwa mwaka uliofuata lilikuwa likifikia tani 20 hadi 22 kwa wiki. Tuchukue 20. Tanuru la namna hiyo likifanya kazi wiki 30 hutoa tani 600. Likifanya kazi wiki 48 hutoa tani 960. Tofauti ni tani 360, karibu uzito wa daraja zima la Severn, na hakuna tofali hata moja lililoongezwa. Kilichoongezwa ni wiki za kupumua.

Mwaka 1776 John Wilkinson, bwana mwingine wa chuma, alikwenda hatua moja mbele. Huko Willey, ng'ambo ya mto, alitumia injini ya James Watt kupuliza tanuru moja kwa moja. Kuanzia hapo upepo haukuhitaji tena kusubiri mvua, na tanuru likaweza kujengwa penye makaa na mawe hata kama hapana kijito.

Niliteremka tena kwenda darajani nikiwa na jibu la kwanza. Tani 378 ukizigawa kwa tani 20 za wiki, unapata wiki 19 hivi. Tanuru moja zuri, likipulizwa bila kukoma, lingetoa chuma cha daraja zima kwa muda usiofika miezi mitano. Kwa watu wa zama zile hilo lilikuwa jambo kubwa. Katika mwaka ule wa kwanza wa babu, mauzo yote ya tanuru yasingetosha hata robo ya daraja.

Ukisimama chini ya tao unaliona swali lingine. Mbavu kuu za daraja zilisubiwa katika nusu ndefu, na kila nusu ina uzito wa zaidi ya tani 5. Tanuru la kutoa tani 3 kwa siku halina chuma cha ubavu mmoja katika mkamuo wa kawaida. Ni lazima ama liachwe likusanye kitakoni, ama chuma kilichokwisha kusubiwa kiyeyushwe upya katika matanuru mengine na kumiminwa kwa pamoja. Chuma kilichoyeyuka ni kizito sana. Tani 5 hutoshea katika nafasi isiyofika mita moja ya ujazo. Basi kukadiria tanuru ni kukadiria pia kiasi linachoweza kutoa kwa mkupuo mmoja, na msubuaji hulazimika kujua idadi hizo mbili kwa pamoja.

Mbavu hizo zimeunganishwa kwa vishikizo vya useremala: ndimi, vitundu na kabari, kwa kuwa mafundi walikuwa na uzoefu wa mbao na hakuna aliyekuwa amewahi kujenga hivi kwa chuma. Msanifu wake, Thomas Farnolls Pritchard, alifariki mwaka 1777 kabla ya kuliona limesimama. Darby wa tatu alibeba gharama zilizopita bajeti na akabaki na madeni hadi kifo chake mwaka 1789. Kwenye nyumba ya ushuru bado lipo bango la viwango vya kuvuka, linalotangaza kwamba hata jamaa ya kifalme italipa. Nililisoma kwa heshima. Chuma kile kilikuwa na bei, na waliokijua kwa jasho hawakuona sababu ya kumsamehe mtu yeyote.

Wahandisi wa leo wana njia ya mkato ya kukadiria. Huchukua ujazo wa ndani wa tanuru na kuuzidisha kwa tani 2 hadi 2.5 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Tanuru namba 1 la Gwangyang, Korea Kusini, lina ujazo wa mita 6,000 tangu lilipopanuliwa mwaka 2013, na hutoa kama tani milioni 5.65 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, unapata karibu tani 15,500 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya tani 2.5 kwa kila mita. Daraja la Severn, kwa tanuru hilo, ni kazi ya dakika 35.

Lakini kipimo hicho ukikileta Coalbrookdale kinaanguka. Tanuru la mawe lenye ujazo wa mita 20 lingetakiwa kutoa tani 40 au 50 kwa siku, na sote tumeona kwamba tani 3 zilikuwa za kujivunia. Ujazo umo, chuma hakimo. Kinachotenganisha zama hizo mbili ni upepo: wingi wake, nguvu yake, joto lake. Mwaka 1828 James Beaumont Neilson wa Glasgow alipata hataza ya kupuliza hewa iliyopashwa moto kabla ya kuingia, na katika kiwanda cha Clyde matumizi ya makaa yakashuka katika miaka michache kutoka tani 8 hadi chini ya tani 3 kwa tani ya chuma. Leo hewa huingia ikiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi, imeongezewa oksijeni, na tani moja ya chuma hutosheka na nusu tani ya makaa. Ujazo ni kifupisho tu kinachofaa pale ambapo upepo umekwisha kutoshelezwa.

Wafua chuma wa kwetu hawakuwa wageni wa ukweli huu. Wafipa, kusini magharibi mwa Tanzania, walijenga malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Urefu wa tanuru ndio uliokuwa pampu. Walichopata humo walikisafisha tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Walijua kwamba hatua moja ilitaka upepo mwingi wa polepole, na nyingine upepo mkali wa muda mfupi.

Ndiyo maana nilipokuwa nikitembea kando ya Severn nilifikiria sana Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Kwa miaka mingi tumesikia kwamba pale kuna tani milioni 126 za mawe ya chuma, na kwamba makaa ya Mchuchuma hayako mbali. Idadi hiyo hutajwa kwa fahari, na fahari hiyo ina haki. Hata hivyo, ni idadi ya kadirio la kwanza tu. Mawe ya Liganga yana pia titani na vanadi, madini yenye thamani yake, lakini titani ndani ya tanuru huyafanya mavi ya chuma kuwa mazito na magumu kukamuliwa. Wachina wa Panzhihua, mkoani Sichuan, wanayeyusha mawe ya jamii hiyo katika matanuru makubwa, hivyo jambo hili linawezekana; linataka ujuzi wake na hesabu zake.

Ninaandika haya kwa sababu nataka chuma hicho kipatikane. Nataka vijana wa Ludewa wakisimamie, na reli zetu zijengwe kwa pua iliyotoka katika ardhi yetu. Anayetaka jambo kwa dhati hulihesabu. Kila tunapotangaziwa kwamba kiwanda fulani kitatoa tani fulani kwa mwaka, tuulize maswali manne ambayo bonde la Coalbrookdale lilijibu kwa vizazi vitatu vya ukoo mmoja. Mawe yana chuma asilimia ngapi? Makaa yanayofaa yanatoka wapi, na tani ngapi kwa kila tani ya chuma? Upepo utasukumwa na nguvu gani, na nguvu hiyo ipo leo au imeahidiwa? Tanuru litapumua wiki ngapi kwa mwaka bila kukatika? Majibu hayo hayajumlishwi, huzidishwa. Moja likiwa dogo, pato lote huwa dogo. Na moja likiwa sifuri, hata mlima uwe na tani milioni 126, jibu ni sifuri.